Nyekundu tele, mshindi wa bluu: namna ya kuchora ramani ya uchaguzi wa Marekani isomeke

Jumamosi ya tarehe 7 Novemba 2020, saa moja na nusu hivi usiku kwa saa za kwetu, vyombo vya habari vya Marekani vilimtangaza Joe Biden kuwa mshindi. Nilikuwa Dar es Salaam, nimekaa mbele ya kompyuta tangu Jumatano alfajiri, na ramani yangu ya kaunti, yaani sehemu ndogo zinazounda kila jimbo, ilikuwa tayari. Nikairusha. Chai haijapoa, mjomba wangu akanipigia kutoka Tanga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nieleweshe. Umeandika Biden kashinda, na nchi yenyewe umeipaka nyekundu toka juu mpaka chini. Sasa aliyeshinda ni nani?"

Mjomba alikuwa karani wa reli, mtu wa majedwali na hesabu, na siasa za Marekani amezifuata kwenye redio tangu enzi za Rais Carter. Kama yeye ameshindwa kuisoma ramani yangu, basi kosa ni la ramani. Nilimweleza kwa maneno kile ambacho mchoro ulipaswa kumweleza wenyewe: Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, Trump (nyekundu) aliongoza katika zaidi ya 2,500, Biden (bluu) katika 500 na kidogo tu, lakini hizo 500 ndizo zenye watu. Biden alipata kura zaidi ya milioni 81, Trump zaidi ya milioni 74. Kila kaunti niliipaka rangi yake kwa usahihi. Nilichompa mjomba, hata hivyo, ni ramani ya mashamba, majangwa na milima, naye alikuwa ameniuliza habari za watu.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ninavyofanya kazi hii. Ninaieleza hapa kwa ajili ya yeyote anayechora kwa wasomaji wa Kiswahili, awe chumba cha habari, mwalimu wa jiografia au mwanafunzi mwenye kompyuta ya kuazima. Mifano mingi nitaichukua kwenye uchaguzi ule ule wa 2020, kwa kuwa ndio ulionifundisha.

Swali kwanza, rangi baadaye

Kabla hujafungua programu yoyote, andika kwenye karatasi sentensi moja: msomaji akiitazama ramani hii kwa sekunde tano, ajue nini? Mimi hupata majibu ya aina tatu. Nani anakuwa rais? Kila mahali kashinda kwa pengo gani? Kura zenyewe ziko wapi?

Kila swali lina ramani yake. Kosa langu la 2020 lilikuwa kuchora ramani inayojibu swali la pili vibaya, kisha kuiwekea kichwa cha habari cha swali la kwanza. Rais wa Marekani hapatikani kwa kaunti, wala kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, jumla 538 ukihesabu 3 wa Washington DC, na mwenye kufikisha 270 ndiye rais. Mwaka 2020 ilikuwa 306 kwa 232. Hakuna kaunti hata moja inayoonekana katika hesabu hiyo.

Usijaribu kujibu maswali yote kwa ramani moja. Chora mbili ndogo, uziweke sambamba.

Data: sifuri ya mbele na kaunti iliyopotea

Matokeo ya kaunti nayapata kwa MIT Election Data and Science Lab, ambao wana majedwali ya urais tangu mwaka 2000. Mipaka naipata kwa Idara ya Sensa ya Marekani, ambayo hutoa mafaili yaliyorahisishwa kwa vipimo vitatu. Kile cha 1:20,000,000 kinatosha kabisa kwa skrini ya simu, na faili lake ni jepesi. Programu ninayotumia ni QGIS, ya bure.

Jedwali na mipaka huunganishwa kwa namba ya kaunti yenye tarakimu 5: mbili za jimbo, tatu za kaunti. Los Angeles ni 06037. Ukifungua jedwali kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu hiyo ni maandishi, Excel itaifanya namba na kuifuta sifuri ya mbele, na Los Angeles itabaki 6037. Unganisha sasa uone: majimbo saba yanabaki meupe, yaani Alabama, Alaska, Arizona, Arkansas, California, Colorado na Connecticut, maana namba zao zote huanza na sifuri. Nimeona ramani iliyochapishwa ikiwa na California tupu, na aliyeichora alidhani kura bado zinahesabiwa. Kwenye QGIS dawa yake ni fomula lpad("fips", 5, '0'), ambapo "fips" ni jina la safu ya namba hizo.

Halafu kuna mashimo madogo ambayo lazima uyajue kabla hayajakuumbua. Katika South Dakota, kaunti ya Shannon ilibadilishwa jina mwaka 2015 ikawa Oglala Lakota, na namba yake ikatoka 46113 kwenda 46102; ukichanganya jedwali la zamani na mipaka mipya utapata tundu jeupe. Connecticut ndiyo yenye usumbufu zaidi: kuanzia 2022 mafaili ya Sensa yameacha kaunti zake 8 za jadi na kutumia kanda 9 za mipango, kwa hiyo kwa matokeo ya kaunti tumia mipaka ya mwaka 2020. Alaska haina kaunti, na kura zake hutolewa kwa wilaya 40 za bunge la jimbo. Mimi huipaka Alaska yote rangi moja na kuandika chini ya ramani kwamba nimefanya hivyo.

Kuilaza nchi kwenye bapa

Ramani za simu tunazotumia kutafutia njia huzinyoosha nchi kadiri unavyokwenda kaskazini. Ukichora uchaguzi juu yake, Montana na North Dakota zinavimba, na Alaska inaonekana zaidi ya nusu ya majimbo 48 ya bara yakiwa pamoja, wakati kwa kweli ni kama moja ya tano yao. Majimbo hayo ya kaskazini yana ardhi kubwa na watu wachache, na mengi yao ni ya Republican, chama cha Trump. Yaani umeiongezea rangi nyekundu eneo ambalo haina hata ardhini.

Tumia projeksheni (namna ya kuilaza dunia kwenye bapa) ya Albers, inayotunza ukubwa wa eneo. Kwenye QGIS andika EPSG:5070. Utaitambua kwa sababu mpaka wa kaskazini na Kanada, ambao kwenye ramani ya simu ni mstari ulionyooka kama rula, hapa unapinda kidogo kama tabasamu. Alaska na Hawaii huwekwa kwenye visanduku kona ya chini kushoto, Alaska ikipunguzwa hadi kama theluthi moja ya vipimo vyake. Chora fremu nyembamba kuzunguka visanduku hivyo. Mjomba aliwahi kudhani Alaska ni kisiwa jirani na Mexico, na sikumlaumu.

Mipaka nayo ina makosa yake. Georgia ina kaunti 159, Texas 254. Ukizizungushia mstari mweusi, upande wa mashariki wote unageuka wavu wa kuvulia dagaa na rangi hazionekani tena. Kwa kaunti tumia mstari mweupe mwembamba kabisa au usitumie mstari. Kwa majimbo mstari mweupe mnene zaidi.

Nyekundu ya nani?

Hili kwa msomaji wetu si dogo. Tanzania, CCM ni kijani na njano, na vyama vingine vina rangi zake. Kenya rangi hubadilika kila muungano unapoundwa upya. Na aliyekaa Uingereza anajua nyekundu ni Labour, wa mrengo wa kushoto. Huyu ukimwekea nyekundu bila maelezo atasoma kinyume.

Marekani kwenyewe desturi hii ni changa. Atlasi ya takwimu ya Scribner ya mwaka 1883, ambayo ina mojawapo ya ramani za mwanzo za uchaguzi kwa kaunti, iliwapa Democratic nyekundu na Republican bluu. Usiku wa mwaka 1980, runinga ya NBC iliyapaka bluu majimbo ya Reagan, wa Republican. Vituo vilipishana hivyo hivyo mpaka mwaka 2000, George W. Bush na Al Gore walipobanana Florida na nchi ikakaa wiki tano ikitazama ramani zile zile kila siku. Bush alishinda jimbo hilo kwa kura 537. Rangi zikaganda hapo: nyekundu Republican, bluu Democratic.

Kwa hiyo usizibadilishe, hata kama una rangi nzuri zaidi, lakini usidhani kila mtu anazijua. Andika majina ya wagombea ndani ya ufunguo wa ramani, na uyaweke kwa rangi zao hata kwenye kichwa cha habari. Mimi huandika jina la mtu kabla ya jina la chama: "Biden (Democratic)". Wasomaji wetu wengi wanamjua mtu kuliko chama.

Madaraja ya rangi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Ramani ya rangi mbili tu, nyekundu na bluu tupu, inasema Georgia na Vermont ni sawa. Mwaka 2020 Biden alipata Vermont asilimia 66. Georgia aliichukua kwa kura 11,779 kati ya karibu milioni 5. Kuyapaka majimbo haya rangi moja kunamnyima msomaji habari kubwa kuliko zote za uchaguzi ule.

Wengine hukimbilia zambarau: changanya nyekundu na bluu kwa kadiri ya kura, kila mahali pawe na mchanganyiko wake. Robert Vanderbei wa Princeton alichora ramani za namna hiyo baada ya uchaguzi wa 2000, na zinaonyesha kwa uzuri kwamba hakuna jimbo la watu wa aina moja. Lakini jicho halipimi zambarau. Mwekee mtu asilimia 48 na asilimia 52 ubavu kwa ubavu, hatakwambia ipi ni ipi, na katika uchaguzi ambao karibu kila jimbo mshindi huchukua wajumbe wote, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Zambarau naitumia kwa makala za kutafakari, si kwa matokeo.

Ninachofanya ni hiki. Nachukua pengo la asilimia kati ya mshindi na anayemfuata, kisha naligawa kwenye madaraja matatu kila upande: chini ya pointi 5, kuanzia 5 hadi 15, na zaidi ya 15. Rangi nazichukua kwa ColorBrewer, mkusanyo uliotengenezwa na Cynthia Brewer, mwanajiografia wa Pennsylvania State University. Kwa Republican, kutoka iliyofifia hadi iliyokolea, kwa namba za rangi za kompyuta: #fddbc7, #ef8a62, #b2182b. Kwa Democratic: #d1e5f0, #67a9cf, #2166ac. Kwa kaunti, ambako mapengo ni makubwa zaidi, naongeza daraja la nne kwa kila upande.

Kwa nini hizi, na si nyekundu na bluu safi za kompyuta? Kwa sababu #ff0000 ina mwangaza karibu mara tatu ya #0000ff. Weka majimbo mawili yenye ukubwa sawa kwa rangi hizo, nyekundu itapiga kelele na bluu itazama kama shimo. Rangi za Brewer zimepimwa ili iliyokolea ya upande huu ilingane uzito na iliyokolea ya upande ule. Hiyo ni haki kwa vyama vyote viwili, na mimi nalihesabu kuwa jambo la uadilifu sawa na kuandika jina la mtu bila kulikosea.

Mambo mawili yalinigharimu.

La kwanza: sifuri lazima ikae katikati hasa. Programu nyingi zinakupendekezea mgawanyo wa moja kwa moja, zikigawa majimbo katika mafungu yenye idadi sawa. Mwaka 2020 nilikubali pendekezo hilo kwa haraka, na mpaka wa daraja ukaangukia kwenye pointi tatu upande wa Trump. North Carolina, aliyoishinda kwa pointi 1.3, ikatoka bluu hafifu. Ilikaa hewani kwa dakika kumi na mbili mpaka msomaji mmoja wa Arusha alipotuandikia. Sasa mipaka naiandika kwa mkono, namba moja moja, na naitumia ile ile kila uchaguzi ili mtu aweze kulinganisha mwaka na mwaka.

La pili: usiweke rangi ya katikati isiyo ya mtu. Nyeupe au kijivu katikati ya ufunguo inamwambia msomaji "hapa wametoka sare", na katika uchaguzi huu hakuna sare. Kijivu kitunze kwa jimbo ambalo mshindi wake bado hajajulikana, na kiwe kijivu kilichokolea kiasi, kama #b0b0b0, kisije kikafanana na bluu hafifu.

Kuna ubaya mmoja katika mfumo huu, nao ni kwamba majimbo yaliyoamua uchaguzi ndiyo yanayofifia kuliko yote. Mwaka 2020 majimbo manane yalikuwa na pengo chini ya pointi 5: Arizona, Georgia, Wisconsin, Pennsylvania, Nevada na Michigan kwa Biden, North Carolina na Florida kwa Trump. Jicho linakimbilia Wyoming, iliyokolea kwa pengo la pointi 43, ambayo ina wajumbe 3 na haikuwa na shaka yoyote. Kwa hiyo hayo manane nayazungushia mstari mweusi ulio wazi na kuandika pengo lake ndani kwa tarakimu. Rangi inasema yalibanana. Mstari unasema tazama hapa.

Viduara, pale watu wanapotaka kuona watu

Loving, kaunti ya Texas, ilikuwa na wakazi 64 katika sensa ya 2020. Manhattan ilikuwa na karibu milioni 1.7. Kwenye ramani ya kupaka maeneo, Loving ni kubwa kuliko Manhattan karibu mara thelathini.

Kwa swali la kura ziko wapi, acha kuipaka ardhi. Ipe nchi nzima kijivu hafifu sana, kisha katikati ya kila kaunti weka duara. Rangi ya duara inasema nani aliongoza, ukubwa wake unasema kwa kura ngapi. Los Angeles, ambako Biden alimzidi Trump kwa kura zaidi ya milioni 1.8, inakuwa duara kubwa la bluu. Maelfu ya kaunti za vijijini zinakuwa vitone vyekundu vingi, na kwa mara ya kwanza msomaji anaona mizani halisi ya nchi ile.

Angalia hesabu ya duara. Kinachopaswa kulingana na kura ni eneo la duara, si nusu kipenyo. Nusu kipenyo chukua kipeuo cha pili cha kura, yaani mzizi wa mraba. Ukikosea, kaunti yenye pengo mara nne itaonekana mara kumi na sita. Pia fanya maduara yapitishe mwanga kidogo, kwa sababu kuanzia Washington hadi Boston yatapandana.

Duara la pengo nalo linaficha kitu, na ni haki kumwambia msomaji. Trump alipata kura zaidi ya milioni 1.1 katika kaunti ya Los Angeles pekee, zaidi ya mara tano ya alizopata Wyoming nzima. Kwenye ramani yangu watu hao wote wamemezwa na duara la bluu. Nikiwa na nafasi, huchora maduara mawili kwa kila mji mkubwa, moja la kila mgombea, pembeni mwa ramani.

Pembesita 538

Kwa swali la nani kawa rais, ramani ninayoiamini ni ile ambayo kila mjumbe ni kipande kimoja cha pembesita. California inapata vipande vyake, Wyoming vitatu, na eneo la rangi linakuwa sawa kabisa na hesabu inayomweka mtu Ikulu. Majimbo yanapotoka umbo lake la kawaida, lakini kama umeyapanga vizuri, Florida bado inaning'inia chini kulia na Maine imekaa pembe ya juu.

Idadi ya wajumbe hubadilika baada ya kila sensa. California ilikuwa na 55 mwaka 2020, ikawa na 54 mwaka 2024. Texas ilitoka 38 ikawa 40. Florida 29 ikawa 30. New York 29 ikawa 28. Ukichukua mchoro wa miaka minne nyuma na kuupaka upya, jumla itabaki 538 na hutagundua kosa. Hesabu vipande vya kila jimbo, kimoja kimoja.

Kisha Maine na Nebraska. Haya mawili hugawa wajumbe: wawili kwa mshindi wa jimbo, mmoja mmoja kwa kila wilaya ya Bunge la Wawakilishi. Mwaka 2020 Biden alipata 3 Maine na Trump 1. Nebraska Trump 4 na Biden 1, yule wa eneo la Omaha. Kwenye pembesita ni rahisi, unapaka kipande kimoja rangi tofauti. Kwenye ramani ya kawaida weka visanduku vidogo pembeni mwa jimbo, kimoja kwa kila mjumbe.

Usiku wa kuhesabu

Vituo vya kwanza vya kupigia kura, katika sehemu za Indiana na Kentucky, hufungwa saa nane usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Georgia ni saa tisa. Kuanzia hapo namba zinamiminika na vidole vinawasha kutaka kupaka rangi. Jizuie.

Mwaka 2020 Pennsylvania haikuruhusiwa kisheria kuanza kuzifungua na kuzishughulikia kura za posta kabla ya asubuhi ya siku ya uchaguzi. Zilizohesabiwa mwanzo zilikuwa nyingi za vituoni, na Trump aliongoza kwa zaidi ya kura nusu milioni. Biden alimaliza mbele kwa 80,555. Aliyeipaka Pennsylvania nyekundu Jumatano ile na kuja kuibadilisha bluu baadaye aliwapa watu picha ya kura zinazohamishwa, ilhali zilikuwa zinahesabiwa tu.

Mimi natumia hali tatu. Kijivu: bado. Mistari ya mshazari ya rangi ya anayeongoza juu ya kijivu: anaongoza, hajatangazwa. Rangi kamili: ametangazwa. Mistari ya mshazari siiweki kabisa mpaka kura nyingi za jimbo ziwe zimehesabiwa, na asilimia iliyohesabiwa naiandika pale pale.

Chagua pia unamfuata nani katika kutangaza, uandike jina lake kwenye ramani. Shirika la habari la AP lilimpa Biden Arizona asubuhi ya Jumatano ya 2020, saa nne na dakika 50 kwa saa za kwetu. Vituo vingi vikubwa vya runinga vilingoja zaidi ya wiki. Jimbo lile lina wajumbe 11. Ndiyo maana siku zile ukifungua ramani hii unakuta Biden ana 264 na ile ana 253, na zote mbili zilikuwa zimechorwa kwa uangalifu.

Kuisoma kabla ya kuirusha

Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya, kama 8 katika 100 wana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Nyekundu na bluu zinawafaa wengi wao, lakini ukimpa mgombea wa tatu kijani umeiharibu ramani. Mpe njano ya dhahabu au rangi ya kahawia yenye vitone.

Ikiwa ramani itachapwa gazetini bila rangi, kumbuka kwamba uzito sawa niliousifu juu sasa unakugeuka: nyekundu iliyokolea na bluu iliyokolea zote zinakuwa kijivu kile kile. Weka mistari ya mshazari kwa chama kimoja, au andika herufi R na D ndani ya kila jimbo.

Maandishi meupe yakae juu ya rangi zilizokolea tu. Juu ya #ef8a62 meupe hayasomeki, hasa mtu akiwa juani na simu yenye kioo kilichopasuka, tumia meusi. Majimbo madogo ya kaskazini mashariki, kuanzia New Hampshire mpaka Delaware, na Washington DC, yatolewe nje baharini kwa safu ya visanduku vyenye majina na namba. DC ina wajumbe 3 sawa na Wyoming, na mara nyingi inaachwa kwa kuwa haionekani.

Kisha ipunguze ramani hadi upana wa simu, uitume kwa mtu mmoja ambaye hakukuona ukiichora. Mimi humtumia mjomba. Novemba 2024, siku chache baada ya AP kumtangaza Trump tarehe 6 saa saba na nusu hivi mchana, majimbo yote yalipokwisha kutangazwa, nilimpelekea pembesita kabla ya kuzirusha, 312 nyekundu na 226 bluu, bila neno la maelezo. Akapiga baada ya dakika mbili.

"Trump. Hilo nimeliona hata miwani sijavaa. Ila hapa juu pembeni, Maine, vitatu bluu na kimoja chekundu. Hicho umekosea au ndivyo kilivyo?"

Ndivyo kilivyo, nikamwambia. Nikarudi kwenye faili, nikavuta mstari mwembamba kutoka kwenye kipande kile na kuandika: "Maine na Nebraska hugawa wajumbe." Halafu nikairusha.